Wamenifanya Mwari wa Barafu

Sehemu ya Sita

Wasomaji wangu, juma lililopita niliwaacha nimelala chali mbele ya geti la chuo, kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya gari la Mkuu wa Chuo. Wengi mmeniuliza kama nilivunjika mgongo. Ahsanteni kwa huruma. Sikuvunjika. Lakini nyumbani nilisema nimevunjika, na hapo ndipo balaa la leo lilipoota meno.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni Nurhayat, mwalimu wa fasihi ya kale katika chuo kikuu cha Aktepe, mji wa milimani mashariki ya Uturuki, ambako mate huganda kabla hayajafika chini. Chuo chetu kimepewa heshima ya kuandaa michezo ya majira ya baridi ya wanafunzi wa dunia nzima.

Tumejiandaa vipi? Tumewafukuza wanafunzi. Mabweni yao yalitakiwa na wageni, basi wetu wakarudishwa makwao kwa likizo wasiyoiomba. Misonobari imekatwa mlimani ikachomekwa kwenye theluji mbele ya jengo la utawala, haina hata mzizi mmoja, ili tuonekane tuna bustani. Na mimi, kwa kuwa ujanani nilisoma Uingereza, nimefanywa mkalimani wa Mkuu wa Chuo, Profesa Vehbi.

Faili langu la kupandishwa cheo liko mezani kwake. Huwa analiwekea gilasi ya chai juu. Kwa hiyo akisema kohoa, nakohoa.

Haya, tuendelee.

Tunakaa na mama mkwe wangu, Hajjat Pakize, mwanamke ambaye vumbi likimwona linaondoka lenyewe. Baada ya kuanguka kwangu alinitandikia kochi, akaninywesha supu, akachukua ufagio akafagia nyumba nzima mwenyewe, na umri wote ule.

"Mgongo unauma wapi hasa?" aliniuliza.

"Kote, mama. Nikishika ufagio ndio unazidi."

"Ajabu. Ukishika kijiko je?"

"Kijiko chepesi, mama."

Mume wangu Feyzullah alicheka ndani ya gazeti. Yeye ana duka la dawa pale sokoni, mtu mpole, maneno yake machache. Kila akirudi alinipaka mgongoni dawa aliyoiagiza kutoka Ankara. Mikono yake ya moto, na ananiuliza, "Hapa? Au hapa?" Nami, Mungu anisamehe, nalalama pasipouma. Tangu tuoane hatujawahi kuwa na siku nzuri kama zile. Ndiyo maana sikusema ukweli. Si uvivu peke yake.

Asubuhi moja Profesa Vehbi akaniita. Nilimkuta amesimama, jambo baya.

"Nurhayat, binti yangu, unaujua mchezo wa mawe?"

"Watoto wa mtaani kwetu wanaujua, Profesa. Wamevunja madirisha yote."

"Si huo. Jiwe linatelezeshwa kwenye barafu. Jiwe lenyewe kama sufuria la pilau, lina mkono juu. Mmoja analisukuma, wawili wanakimbia mbele yake wanalifagilia njia."

"Wanafagia nini?"

"Barafu."

"Ina uchafu?"

"Haina! Usinichoshe. Unakumbuka nilivyowaambia wakaguzi wa michezo kwamba chuo chetu kina timu ya wasichana, wanafanya mazoezi kila siku?"

Nilikumbuka vizuri, maana ni mimi niliyetafsiri. Tena nilitia chumvi. Yeye alisema wasichana, mimi nikasema wasichana wenye vipaji.

"Wanakuja leo mchana kuwaona," alisema.

"Kuwaona akina nani? Wasichana wote tumewarudisha kwao."

Aliniangalia kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayemkagua mbuzi aliyebaki peke yake mnadani.

"Profesa, mimi ni mwalimu. Nina miaka thelathini na sita!"

"Utavaa kofia," alisema, akainua gilasi ya chai kutoka kwenye faili langu, akainywa, akairudisha palepale.

Nikaenda.

Kwenye ukumbi wa barafu nilimkuta Servinaz, mkuu wa jiko la chuo, mwanamke wa haja, akipiga mluzi ndege hutua. Amekuja na wasichana wake wawili wa kuosha vyombo. Ndio timu. Fagio rasmi zilikuwa zimekwama forodhani, basi Servinaz kaleta za jikoni.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi kufagia najua. Ila hebu tazama tunachofagia."

Nilitazama. Wasomaji, nje kulikuwa na baridi ya kupasua mawe. Ndani ya ukumbi wa barafu, mahali pekee mjini kote palipojengwa ili maji yagande, maji yalikuwa yametulia kama bwawa la bata.

Ukumbi umejengwa na Bwana Jemshit, mkandarasi mkubwa wa mji, ambaye hakuna tofali linalolala juu ya jingine hapa bila ruhusa yake. Alikuwepo, kavaa koti la manyoya, anazungusha tasbihi kidoleni.

"Kwa nini hayagandi?" Profesa Vehbi alimuuliza kwa upole. Jemshit huulizwa kwa upole.

"Pana joto, Mkuu."

"Kalileta nani?"

"Si wewe ulisema watazamaji wasipigwe baridi? Nikapitisha mabomba ya moto."

"Yamepita wapi?"

Jemshit alielekeza tasbihi chini ya bwawa.

Servinaz akapiga makofi. "Ukistaajabu ya Musa! Nje kuku wangu ameganda amesimama, humu ndani maji yanangoja kadi ya mwaliko!"

Mimi nilijiambia, Nurhayat, maji umeyavulia nguo, nayo yamegoma hata kuganda. Lakini Servinaz hakungoja kikao. Alimwamuru fundi azime mabomba, kisha akaifungua milango mikubwa yote, na upepo wa Mungu ukaingia kufanya bure kazi iliyowashinda wasomi na wakandarasi. Saa za adhuhuri barafu ikawa barafu. Yenye mabonde kama bati la paa, lakini barafu. Tatizo likawa milango. Nayo iliganda. Haikufungika tena.

Tulivuta kofia hadi kwenye nyusi, skafu hadi puani, na hapo wakaguzi wakaingia.

Kiongozi wao alikuwa Bi Aino, mama wa Kifini, mwembamba, macho ya kuhesabia nukta. Nyuma yake mpiga picha wa televisheni ya mji na kijana mtangazaji. Nilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: nafagia, halafu nageuka natafsiri.

"Anzeni!" alisema Profesa.

Servinaz alilisukuma jiwe kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba masufuria ya chakula cha wanafunzi elfu. Likaondoka linanguruma. Mimi na msichana mmoja tukalitangulia tukifagia. Wasomaji, nilifagia! Nilifagia faili, nilifagia gilasi ya chai, nilifagia miaka yote ya ndiyo Profesa, sawa Profesa. Kofia ilinitelezea nyuma, sikujali.

Barafu ile, kumbe, ilikuwa na mteremko. Jiwe likakunja kona, likapita katikati ya miguu ya mpiga picha, likatoka mlangoni, likavuka njia, likagonga msonobari wa kwanza.

Msonobari ukaanguka. Ukaugonga wa pili, wa pili ukaugonga wa tatu. Yote ikalala kwenye theluji, vigogo vyake juu, vimekatwa safi kwa msumeno.

Bi Aino akaelekeza kidole kwenye vigogo, akasema neno.

"Anauliza mizizi iko wapi," nilimwambia Profesa.

"Mwambie ni aina ya mti wa huku. Majira ya baridi inaficha mizizi."

Nikatafsiri. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe lile lile.

Bi Aino akanigeukia mimi. "Na wewe una umri gani?" aliniuliza.

"Anauliza umri wangu, Profesa."

"Ishirini na mbili."

"Profesa!"

"Tafsiri."

Nikamwambia Bi Aino nina miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alinisogelea. Akaniangalia chini ya jicho, hapa, penye mikunjo.

"Anauliza kama nimepata kuugua," nilisema.

"Mwambie ni baridi ya huku. Inakausha ngozi."

Nilidhani tumekwisha. Lakini Bi Aino akaanza kucheka, kicheko kikavu, mabega yanatikisika. Alisema katika miaka yake yote kwenye mchezo huu hajaona mtu anafagia kwa hasira namna ile, na kwamba timu yetu anaiandikisha yeye mwenyewe. Tutafungua mashindano. Dhidi ya Kanada.

Profesa Vehbi alipoelewa alimkumbatia Jemshit. Mtangazaji akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mkuu, huyu shujaa wetu ana mchumba?"

"Hana," alisema Profesa, uso unang'aa. "Hajaolewa. Mabinti wetu hawafikirii mambo hayo kabla ya medali."

Nilifungua mdomo. Ukaingia upepo tu.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa nimejiinamisha vizuri, mkono kiunoni, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyenipokea. Walikuwa mbele ya televisheni, mama na mwana, chai zimepoa, na kipande cha sukari cha kunywea chai bado kiko shavuni mwa Hajjat Pakize, hajakinyonya.

Kwenye kioo nilikuwa mimi. Nimeinama, nakimbia, nafagia kama shetani aliyefunguliwa pingu. Chini ya picha wameandika jina langu, mwanafunzi, miaka ishirini na mbili, hajaolewa.

"Nyoosha mgongo," alisema Hajjat Pakize bila kugeuka. "Unatuaibisha. Mabingwa hawatembei hivyo."

"Mama, ngoja nieleze."

"Ueleze nini? Nyumbani kwangu ufagio unakuua. Mbele ya Wafini unakufufua! Mimi na miguu hii nimepiga mazulia kwenye theluji, jirani wananiuliza mkaza mwanao yuko wapi, nasema kalala, maskini, hawezi hata kugeuka. Kumbe anasafisha barafu! Barafu, Nurhayat! Kitu kinachojisafisha chenyewe kikiyeyuka!"

Nilimgeukia Feyzullah. Nilitegemea lile neno hajaolewa ndilo litakalomuuma. Lakini yeye alikuwa ameshika ile chupa ya dawa, anaigeuzageuza.

"Nilipokuuliza hapa au hapa," alisema, "ukasema hapa."

"Feyzullah..."

"Nilikuwa nikitoka dukani nakimbia, Nurhayat. Nakimbia ili mikono isipoe."

Akaiweka chupa mezani, akavaa koti, akaenda dukani, na tangu hapo akawa analala huko, kwenye kitanda cha kupigia sindano. Hakufoka. Bora angefoka.

Nilimfuata dukani. Alinihudumia kama mteja. "Nikusaidie nini, bibi?" Nikanunua aspirini nikaondoka.

Kwenda kwa Profesa kukanusha? Nilikwenda. Alikuwa anapokea simu za pongezi kutoka kwa wakubwa wa Ankara.

"Kanusha," aliniambia. "Nenda kakanushe. Sema serikali imedanganywa, mkaguzi amedanganywa, na aliyedanganya kwa kinywa chake mwenyewe, kwa Kiingereza safi, ni nani?"

Nilitazama gilasi ya chai juu ya faili langu.

"Basi nenda kafanye mazoezi."

Ijumaa alasiri mlango ulibishwa. Hajjat Pakize ndiye aliyefungua, maana mimi siku hizo nilikuwa napiga mazulia, nafagia ngazi mpaka za majirani, na bado hajanisemesha.

Nilichungulia kutoka jikoni. Nikaona maua. Nikaona sanduku la chokoleti lenye utepe mwekundu. Nyuma ya sanduku, bibi kizee mnene wa heshima, kajifunga ushungi wa hariri, dhahabu mpaka kwenye viwiko. Na nyuma yake, kajikunja kama kuku aliyenyeshewa, Profesa Vehbi.

Maua na chokoleti, kwetu, mgeni haleti hivyo hivyo. Ni vya posa.

"Mimi ni Hajjat Durdane," alisema bibi, "mamake Jemshit, mkandarasi. Nimemwona binti yenu kwenye televisheni. Nikasema, hapa hakuna kuchelewa, wataniwahi wengine. Mkuu wa Chuo amekubali kuwa mshenga."

Hajjat Pakize alimtazama Profesa. Profesa alitazama zulia. Kisha mama mkwe wangu akageuza kichwa polepole kuelekea jikoni, na kwa mara ya kwanza juma lile akaniangalia usoni. Naijua sura ile. Ndiyo anayomtazamia kuku kabla ya Idi.

"Karibuni sana," alisema kwa sauti ya asali. "Mimi ni shangazi yake. Nurhayat, mwanangu! Wageni wako hawa. Hebu weka kahawa."

Profesa Vehbi alinifuata jikoni mbio, eti kuomba maji.

"Nakusihi," alininong'oneza, jasho linamtiririka. "Mnara wa kurukia kwenye theluji haujakwisha. Jemshit akinuna, vibarua wake wote wanashuka mlimani, na michezo imekufa. Mkatae taratibu."

"Profesa, mimi nina mume."

"Najua. Nilikula pilau la harusi yako."

"Basi toka ukamwambie!"

"Nimwambie nilidanganya? Mbele ya televisheni?" Alinishika mkono. "Cheo chako nakisaini kesho. Kesho asubuhi. Hebu fanya kitu akuchukie yeye mwenyewe."

Hilo lilinikaa kichwani. Kwetu msichana humtilia mposaji chumvi kwenye kahawa, kumpima. Kumtilia mama yake, mtu mzima, hajjat, ni ukosefu wa adabu usio na jina. Nikatia vijiko vitatu. Nikafikiri kidogo, nikaongeza cha nne.

Niliitoa trei. Hajjat Durdane alichukua kikombe, akapiga funda moja. Macho yakamtoka. Mashavu yakajaa. Tukangoja wote.

Akameza.

"Alhamdulillahi," alisema, machozi yanamtoka. "Huyu ndiye! Wanawake wote wa mji huu wanamwogopa mwanangu, ndio maana hajaoa mpaka leo. Nilipomwona huyu anafagia nikasema, huyu anaweza kumfagia Jemshit. Na sasa kaniwekea chumvi mimi, mkwewe, bila kupepesa macho! Nilikuwa natafuta chuma, leo nimekipata."

Hajjat Pakize alijifunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sikujua kama ni kicheko au nini.

Bibi akajiweka sawa, akaweka mikono magotini, akatoa sauti ya rasmi. "Basi, kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wake, tumekuja kumwomba binti yenu Nurhayat..."

Mlango wa mbele ukafunguka. Feyzullah akaingia, theluji mabegani, mikate miwili kwapani. Ijumaa humletea mama yake mikate, hata dunia ikiwaka.

Alisimama. Aliona maua. Aliona chokoleti. Aliniona mimi, trei mkononi, nimevaa aproni mpya aliyonilazimisha mama yake nivae.

"Na kijana huyu ni nani?" aliuliza Hajjat Durdane.

Hajjat Pakize alikuwa ameacha kutikisika. Nadhani hakuutaka mchezo ufike pale. Alifungua mdomo, lakini Profesa Vehbi akamwahi.

"Kaka yake," alisema.

Feyzullah alimtazama Profesa. Akamtazama mama yake. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, jinsi anavyosoma karatasi ya daktari mwenye mwandiko mbaya. Nilimtikisia kichwa. Halafu nikamwitikia kwa kichwa. Sikujua tena ninaomba nini.

Akaiweka mikate mezani. Akavua kofia. Akakaa karibu na Hajjat Durdane, akafungua sanduku, akachagua chokoleti, akaimenya karatasi yake taratibu bila haraka yoyote.

"Ni kweli, mama," alisema. "Ni dada yangu. Na tusifichane, amekaa sana nyumbani. Mkimtaka, mchukueni leo."

Nilimtafuta macho nione kama anacheka.

Hakuwa anacheka.